SOMO KWA WENYE PIKAPU: GRILI YA MBELE NA PUMZI YA REJETA



Mwenzetu mmoja, mkulima wa karafuu wa miaka mingi, ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kuwa somo la wote. Kijana wake yuko bara, huko Titye katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, na kazi yake ni kubeba mahindi, maharage na mihogo kwa pikapu. Grili ya asili ya gari lile ilikuwa ya plastiki, ikavunjika. Kijana akajitengenezea nyingine ya chuma nyumbani: vipande vya chuma bapa vilivyolazwa upana mbele, na katikati bamba lililokatwa herufi za jina la mama yake. Kila aionaye huisifu. Lakini tangu aifunge, gari likipanda mlima na mzigo, mshale wa joto hupanda nalo, na mara mbili limechemsha maji njiani. Mzee atuuliza: je, ni kweli grili yaweza kuchemsha gari, au mwanawe adanganywa na watu wanaotaka kumuuzia rejeta mpya?

Jibu letu ni kwamba yaweza, tena bila shida. Na habari njema ni kwamba kosa la namna hii hurekebishwa nyumbani, kwa chuma kilekile, bila kununua rejeta. Lakini kwanza yafaa tufahamu kazi ya grili ni nini.

1. Grili ni pua ya gari

Watu wengi huiona grili, ambayo wengine huiita shoo ya mbele, kuwa uso wa gari. Ni kweli kuwa ni uso, lakini kabla ya kuwa uso ni pua. Nyuma yake kuna rejeta. Maji ya moto hutoka katika injini, hupita katika mirija myembamba ya rejeta, na upepo unaopita kati ya mirija ile huyapoza kabla hayajarudi katika injini. Upepo huo wote huingia kwa kupitia grili. Ukiziba nusu ya grili, umeziba nusu ya pua.

Mtu aliyezibwa nusu ya pua aweza kukaa barazani siku nzima asisikie neno. Mpe gunia la karafuu mbichi apande nalo kilima, ndipo utakapomwona akihema. Na gari ni vivyo hivyo. Likienda tambarare, tupu, kwa mwendo mzuri, upepo wa kwenda kwake watosha hata kama grili ni mbaya. Likipanda mlima polepole na mzigo, injini hutoa joto jingi na upepo wa mwendo huwa mdogo, na feni peke yake ndiyo inayovuta hewa. Hapo ndipo grili mbaya hujulikana. Kwa hiyo msiipime grili kwa safari ya kwenda sokoni na kurudi.

2. Kwa nini Titye ni kugumu kuliko kwetu

Vilima vya Pemba na Unguja ni vingi, lakini ni vifupi. Hakuna kinachofika mita 150 kutoka usawa wa bahari. Nyanda za Kasulu na Kibondo ni jambo jingine. Hata Ziwa Tanganyika lenyewe, lililo chini pale Kigoma, liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Na gari litokalo Kigoma kwenda Kasulu hupanda tena mamia ya mita. Mambo mawili hubadilika huko juu.

La kwanza ni maji. Pwani, maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka yafikapo nyuzi 100. Kila tupandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Kwenye mwinuko wa mita 1,200 maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta hubana maji yasichemke mapema, na ndiyo maana mfuniko uliochoka hudhuru zaidi milimani kuliko pwani.

La pili ni hewa. Kwenye mwinuko huohuo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu kama moja katika kumi. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Basi grili ambayo ingevumilika Wete au Mkoani yaweza kulichemsha gari la Titye, ijapokuwa gari ni moja na dereva ni mmoja.

Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, mbegu za nyasi na wadudu, ambavyo hujaa katika rejeta, nanyi mtaona kuwa gari la huko lahitaji pua iliyo wazi zaidi kuliko letu. Nasi tusijisifu, maana wakati wa mavuno magari yetu hubeba karafuu na makonyo katika njia zilizojaa majani, na majani yakavu nayo huziba.

3. Kupima kabla ya kukata

Waha tangu zamani ni watu wa uhunzi. Majembe yaliyofuliwa Buha yalikuwa mali ya biashara kabla ya majembe ya viwandani kuenea, na kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Kwetu visiwani nako mafundi wetu wamejenga mabodi ya mbao juu ya chasisi za malori, na watu wakasafiri nayo miaka mingi. Kwa hiyo hatumkatazi mtu kujitengenezea kitu cha gari lake. Twasema tu apime kwanza.

Kipimo chenyewe ni hiki: nafasi wazi ya grili mpya isiwe ndogo kuliko nafasi wazi ya grili ya asili. Waliolitengeneza gari walikwisha kupiga hesabu ya joto. Sisi tusipunguze walichokitoa.

Tuchukue mfano. Tuseme tundu la mbele lina upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 20. Eneo lake ni 90 mara 20, yaani sentimita za mraba 1,800. Tuseme tena grili ya asili ilikuwa na nafasi tano, kila moja sentimita 90 kwa 2.6. Nafasi wazi ni 5 mara 90 mara 2.6, yaani 1,170. Hiyo ni asilimia 65 ya tundu lote. Namba 1,170 ndiyo mpaka wetu. Tusishuke chini yake.

Sasa tuitazame grili ya namna ya kijana wetu. Ana vyuma bapa vitano, kila kimoja kina upana wa milimita 25, navyo vimelazwa upana mbele. Vitano mara 25 ni milimita 125 zilizozibwa katika kimo cha milimita 200. Zimebaki milimita 75 tu. Tukitoa na nondo tatu za wima za milimita 6 zinazoshika vyuma hivyo, upana uliobaki ni sentimita 88.2. Basi nafasi wazi ni 7.5 mara 88.2, yaani 660 hivi. Ni kidogo tu zaidi ya nusu ya 1,170, na bado hatujatoa lile bamba la jina! Mzee wetu ameuliza kama grili yaweza kuchemsha gari. Hesabu hii yamjibu.

Chukueni chuma bapa cha milimita 20 kwa 3, mkisimamishe ubavu, yaani unene wa milimita 3 ndio utazame mbele. Wekeni vyuma saba. Saba mara 3 ni milimita 21. Kimo kilichobaki wazi ni milimita 179. Nafasi wazi ni 17.9 mara 88.2, yaani 1,579 hivi. Hiyo ni karibu asilimia 88 ya tundu. Chuma kilichosimamishwa ubavu, zaidi ya hayo, ni kigumu kupinda kikigongwa na tawi au pembe ya mbuzi kuliko kilicholazwa. Na uzito wa kazi yote, pamoja na fremu, hauzidi kilo nne na kidogo.

4. Habari ya wavu

Wengi hupenda kuweka wavu wa chuma nyuma ya grili ili kuzuia mawe, mbegu na wadudu. Ni jambo jema, lakini wavu nao huziba. Kupiga hesabu yake ni rahisi. Pimeni kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya wa pili. Kisha toeni unene wa waya mmoja, mpate upana wa tundu. Gawanyeni upana wa tundu kwa kipimo cha kwanza, na jibu mlizidishe kwa lenyewe.

Wavu wenye waya wa milimita 2, na milimita 12 kutoka waya hadi waya, una matundu ya milimita 10. Kumi kwa 12, mara 10 kwa 12, ni asilimia 69. Tukiuweka nyuma ya grili yetu ya 1,579 tunabakiwa na 1,096 hivi. Tumeshuka chini ya mpaka! Tukichukua wavu wenye nafasi ileile lakini waya wa milimita 1.5, tunapata asilimia 76 na nusu, na grili yatubakishia 1,209 hivi. Hiyo yafaa. Tofauti ya nusu milimita ya waya ndiyo iliyoamua.

Hesabu hii ni ya kulinganisha tu. Hewa haipendi kupenya katika matundu madogo hata kama yakijumlishwa ni mengi. Kwa hiyo wavu wa mbu usitumike kabisa. Wavu wenu na uwe wa kufunguliwa, ili usafishwe. Wavu uliojaa mbegu za nyasi haufuati hesabu yoyote.

5. Jina la mama

Hapa tumesita kidogo, maana jambo hili si la chuma tu. Kijana ameliandika jina la mama yake mbele ya gari linalompa riziki, na hatuwezi kumwambia alitupe. Twasema alihamishe.

Njia moja ni kuzipinda herufi kwa nondo ya milimita 6 na kuzichomelea juu ya vyuma vya grili. Jina la herufi sita, kila herufi ikitumia sentimita 25 za nondo, litaziba sentimita za mraba 90 hivi. Kama hakuna wavu, grili yabaki na 1,489, hakuna neno. Kama kuna wavu, yabaki 1,140 hivi, chini ya mpaka wetu. Basi achague: ama jina bila wavu, ama wavu na jina lipandishwe juu, kwenye ukingo wa fremu ulio nje ya tundu, ambapo haliibi pumzi ya mtu. Kwa barabara za vumbi za Titye, sisi twamshauri njia hii ya pili. Jina litaonekana vilevile, na gari litafika.

6. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, fungueni grili ya zamani, hata kama imevunjika, na msiitupe. Ndiyo kipimo chenu cha matundu ya bolti. Wekeni katoni mbele ya tundu, chorensheni umbo lake, mlikate, mlijaribu mpaka likae sawasawa. Katoni ni rahisi. Chuma kikishakatwa hakirudi.

Pili, tazameni kilicho nyuma. Grili isikaribie rejeta, wala kondensa ya kipoza hewa kama ipo. Acheni nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Hakikisheni mkono wafikia kitasa cha boneti. Magari mapya mengine yana vihisi vya mgongano upande wa mbele. Hivyo visihamishwe wala visifunikwe.

Tatu, kateni fremu na vyuma vya ubavu kwa msumeno wa chuma au grinda. Fremu ikae nje ya tundu, isile nafasi ya hewa. Lainisheni ncha zote kwa tupa. Msiache kitu chenye ncha mbele ya gari. Mtoto akigongwa hata kwa mwendo mdogo, ncha ile yaweza kumtoa jicho.

Nne, chomeleeni grili ikiwa chini, si ikiwa garini. Cheche zinazoruka hutoboa rejeta, hasa zile zenye tangi la plastiki, na umeme wa mashine waweza kuharibu vifaa vya umeme vya gari. Kwa chuma cha milimita 3, vijiti vya milimita 2.5 na moto wa ampea 70 hadi 80 hutosha. Shikizeni kila kiungo kwa nukta kwanza, upande huu na upande ule, mhakikishe pembe ni mraba, ndipo mmalizie kwa vipande vifupi vya kupokezana. Mkichomelea upande mmoja mfululizo, fremu yote itajipinda.

Tano, jilindeni. Vaeni ngao yenye kioo cheusi cha kuchomelea. Miwani ya jua si kinga. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi mweupe uletao homa na kutetemeka usiku. Ama mkikwepe, ama mkwangue zinki yote mahali pa kuchomelea, nanyi mfanye kazi penye upepo. Watu husema maziwa huondoa moshi huo mwilini. Maziwa ni chakula kizuri, lakini moshi huingia mapafuni, nayo maziwa huenda tumboni.

Sita, pakeni rangi. Anzeni na rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi mbili za juu. Kwetu sisi tunaokaa na upepo wa chumvi, mtu akiruka hatua hii atatengeneza grili nyingine baada ya muda si mrefu.

Saba, ifungeni kwa bolti katika matundu ya asili, na washa za mpira ili isipige kelele wala kulegea. Isichomelewe kwenye bodi. Siku ya kuosha rejeta mtataka kuifungua.

Nane, rudisheni vile vipande vya plastiki au mpira vilivyokuwa ubavuni kati ya grili na rejeta. Watu wengi huviona takataka. Kazi yake ni kuuongoza upepo uingie katika rejeta, usipite pembeni. Hewa kama maji hufuata njia nyepesi. Ikipata pengo haitapita penye mirija.

7. Kuijaribu

Chagueni mlima mmoja, mzigo mmoja na saa moja ya siku. Pandeni mara moja na grili mpya, mtazame mshale wa joto unafika wapi. Acheni gari lipoe. Fungueni grili, mpande tena bila grili, kwa jaribio hilo tu. Kama mshale umepanda zaidi grili ikiwapo, kosa ni la grili. Kama umepanda sawasawa mara zote mbili, msiisingizie grili: tazameni mkanda wa feni, pampu ya maji, themostati, mfuniko wa rejeta, na rejeta yenyewe kama imejaa uchafu. Jaribio hili halina gharama ila mafuta kidogo, na ndilo la kufanya kabla ya kumpa mtu yeyote fedha za rejeta mpya.

Rejeta ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka.

Mshale ukifika kwenye nyekundu njiani, simameni. Msiseme, "Tumalizie kilima hiki tu." Injini iliyochemka ikiendelea kusukumwa hupinda silinda hedi na kuunguza gasketi yake, na hasara hiyo ni kubwa kuliko mzigo mlioubeba. Wala msifungue mfuniko wa rejeta ungali moto. Maji yaliyobanwa yataruka usoni. Ngojeni mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono.

8. Kwa kijana wetu wa Titye

Avifungue vyuma vile vitano, avisimamishe ubavu au atafute vyembamba zaidi, alitoe bamba la katikati, na jina alipandishe kwenye ukingo wa juu. Ni kazi ya siku moja au mbili. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Grili yake ilikuwa nzuri kwa nje. Sasa na iwe nzuri na kwa ndani.

Maswali ya kujipima

1. Wavu wenye waya wa milimita 1, na milimita 6 kutoka waya hadi waya, una asilimia ngapi ya nafasi wazi? Je, wafaa kuliko ule wa milimita 12 wenye waya wa milimita 2?
2. Kwa nini grili mbaya haijulikani gari likienda tupu barabara ya tambarare?
3. Gari limechemka likiwa na grili, na likachemka vilevile bila grili. Mtatazama nini kwanza?

Majibu: (1) Asilimia 69, sawa na ule mwingine, lakini matundu yake ni madogo, na yataziba upesi zaidi. (2) Upepo wa mwendo ni mwingi na joto la injini ni kidogo. (3) Mkanda wa feni, maana ndio rahisi kuutazama. Kisha mengine kama tulivyoyataja katika sehemu ya 7.